Nywele Zinakuhepa? Kutoka Ozi Hadi Nairobi, Hizi Ndizo Dawa Zinafanya Kazi na Hizi Zinakula Doo Yako Bure

Ozi si mahali utaenda kutafuta daktari wa ngozi. Ni kijiji cha Wapokomo kule chini kabisa kwa Mto Tana, karibu na penye mto unamwagikia baharini upande wa Kipini, eneo bunge la Garsen. Kuna mikoko, mpunga, maembe, na kuna maji ya chumvi yenye yamekuwa yakipanda mto na kumaliza mashamba ya watu. Lakini simu ziko. Na kwa simu, msee wa Ozi anaona matangazo yale yale msee wa Rongai anaona: kichupa cha mafuta, picha ya "kabla" na "baada", halafu namba ya kutuma pesa.

Shida ni kwamba muuzaji hakuulizi nywele zako zimepotea vipi. Kwake vichwa vyote ni sawa. Na hapo ndipo watu wanachezwa, juu kuna nywele zitarudi zenyewe hata ukikaa tu bila kufanya kitu. Kuna zingine zinataka dawa maisha yako yote. Halafu kuna zile hazikungojei: ukichelewa, mzizi unafungwa na kovu, na hapo hakuna doo itaurudisha. Ukipoteza mwaka mzima ukijaribu mafuta ya mtandao na shida yako ni hiyo ya mwisho, umepoteza nywele, si pesa peke yake.

Basi wacha tuchambue moja moja, na tuone utafiti unasema nini na wagonjwa wenyewe wanabishana kuhusu nini.

Je, ni maji ya chumvi?

Hili ni swali la haki kwa mtu wa delta. Mto ukipungua nguvu, bahari inapanda, na maji ya kuoga yanakuwa ya chumvi. Ukichana nywele zinabaki kwa kitana. Lazima ulaumu maji.

Ukweli ni nusu nusu. Maji ya chumvi, ama yale magumu ya kisima, yanaweza kuukausha unywele mpaka ukatike. Watafiti wamelipima hili na hawajakubaliana: uchunguzi wa India wa 2013 haukuona tofauti ya maana kati ya nywele za maji magumu na za maji safi, na wa Pakistani wa 2018 uliona nywele zimedhoofika. Lakini zote mbili zilipima nguvu ya unywele wenyewe. Mzizi uko ndani ya ngozi, na maji ya kuoga hayaui mzizi.

Kwa hivyo kitu ya kwanza, kabla hujanunua chochote: okota nywele zilizoanguka uziangalie ncha. Ukiona kitone kidogo cheupe mwisho, huo umetoka na mzizi wake. Kama ni kipande kifupi bila kitone, huo umekatika njiani. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa. Na usishtuke ukihesabu nywele kadhaa: mtu wa kawaida hupoteza kati ya 50 na 100 kila siku, na hiyo si ugonjwa.

Kama zinakatika, dawa yako iko jikoni. Mafuta ya nazi yenye nyanya yako alikupaka yana sayansi nyuma yake. Utafiti wa India wa 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale ya petroli, ukaona ya nazi peke yake ndio yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini yenye inapotea ukiosha. Lakini ujue pia watafiti hao walikuwa wafanyakazi wa Marico, kampuni yenye inauza mafuta ya nazi. Matokeo yenyewe yana mantiki, lakini hakuna mahali walisema mafuta yanaotesha nywele mpya kwa kipara. Yanalinda zile uko nazo tayari. Basi.

Homa ya juzi, nywele za leo

Hii ndio aina yenye inachanganya watu kuliko zote. Kila unywele una maisha yake: unakua miaka miwili mpaka sita, unapumzika karibu miezi mitatu, halafu unaanguka na mwingine unachukua nafasi. Kwa kawaida kila mmoja ana ratiba yake, ndio maana huoni pengo. Lakini mwili ukipigwa na kitu kikubwa, nywele nyingi zinaingia mapumziko kwa mpigo. Na baada ya miezi miwili ama mitatu zinaanguka pamoja.

Kitu kikubwa ni kama nini? Malaria kali, taifodi, dengi, KOVID, upasuaji, kujifungua, kukosa chakula, kukonda haraka, ama msongo wa mawazo. Fikiria Tana Delta na mafuriko ya mwisho wa 2023, halafu yale ya Aprili na Mei 2024. Mtu aliyehama nyumba, akalala kambini, akashikwa na homa na akala mlo mmoja kwa siku, nywele zake zingeanza kuanguka wakati maji yameshakauka na yeye mwenyewe amesahau homa. Hawezi kuunganisha hizo story mbili. Anaona nywele tu.

Habari njema ni kwamba hapa mzizi uko hai. Kisababishi kikiisha, nyingi hurudi ndani ya miezi sita hivi, bila dawa yoyote. Na ndio hapa wauzaji wanatengeneza hela: unanunua chupa mwezi wa nne, nywele zinaanza kurudi mwezi wa sita venye zingerudi tu, na unaenda kuandika ushuhuda. Hujadanganya mtu. Lakini chupa imechukua sifa ya mwili wako.

Zikiendelea kuanguka zaidi ya miezi sita, nenda upimwe damu: madini ya chuma na tezi ya shingo. Kwa mwanamke mwenye anapoteza damu nyingi kila mwezi, kukosa chuma ni kitu cha kawaida na kinatibika. Halafu vile vidonge vya biotini venye kila influensa anauza, vinasaidia mtu mwenye amepungukiwa na biotini, na hao ni wachache sana. Tena FDA ya Marekani ilionya 2017 kwamba biotini nyingi inaweza kuharibu majibu ya vipimo vya damu, hata kile cha kuangalia kama moyo umeumia. Ukienda maabara, wambie unameza.

Matuta, dawa ya nywele na laini ya mbele

Sasa tufike penye pana moto. Angalia madem wangapi laini yao ya mbele imerudi nyuma na bado hawajafika miaka 25. Hiyo si uzee na si uchawi, ni kuvutwa. Matuta ya kukaza, rasta nzito, nywele za kushonea, na hata kufunga nywele nyuma kwa nguvu kila siku.

Watu wenye wamelifanyia hili kazi ya maana ni Waafrika wenyewe. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town alichapisha 2007 uchunguzi wa watu wazima 874 wa Cape Town: wanawake 31.7% walikuwa na upara wa kuvutwa. Wanaume walikuwa 2.3% peke yake. Kwa wasichana wa shule, ilikuwa 17.1%. Yaani karibu msichana mmoja kwa sita, na bado yuko darasani.

Kazi yake iliyofuata ikaonyesha hatari kubwa inatoka wapi: kusuka kwa kukaza juu ya nywele zenye zimewekwa dawa ya kulainisha. Dawa inadhoofisha unywele, halafu matuta yanauvuta. Na dalili ya kwanza unaijua tayari. Ni maumivu. Ukitoka saluni huwezi kulala kwa ubavu, ama umetoka vipele mzizini mwa matuta, hapo mzizi unaumia. Ile imani ya "urembo ni uvumilivu" ndio inamaliza watu.

Na hapa ndio kuna kile kitu cha wakati. Ukilegeza mapema, nywele zinarudi. Ukiendelea miaka, ngozi inakuwa laini na inang'aa, vitundu vya nywele havionekani tena, na hapo imekuwa kovu. Minoksidili haiamshi kovu.

Kwa Pwani kuna jambo lingine halisemwi. Msichana wa Ozi ama Kipini mwenye anavaa mtandio kila akitoka anaweza kupoteza nywele miaka mitatu bila mtu yeyote nje ya nyumba kujua. Mtandio haumdhuru. Lakini unampa nafasi ya kuficha, na kuficha kunakula ule muda wenye angetibiwa. Kama wewe ni dada mkubwa, shangazi ama rafiki mwenye unamsuka mtu, wewe ndio daktari wa kwanza. Ukiona utosi umeanza kung'aa, mwambie.

Utosi ni muhimu juu kuna ugonjwa mwingine, tofauti na wa kuvutwa. Huu unaanza katikati ya kichwa na kupanuka kama mduara, unawasha au kuchoma, na unaacha kovu. Unashika zaidi wanawake weusi. Miaka mingi madaktari waliwaambia wagonjwa, "Ni saluni zako." Wagonjwa wengi wakapinga: "Mimi hata dawa sijawahi kuweka!" 2019, timu yenye ilikuwa na Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal ilichapisha kwa The New England Journal of Medicine kwamba karibu robo ya wanawake 58 waliochunguzwa, 14 kwa hesabu kamili, walikuwa na mabadiliko kwa jini inayoitwa PADI3, yenye inasaidia kujenga unywele. Kwa hivyo damu ya familia iko ndani. Kusuka vibaya kunaweza kuzidisha, lakini kumlaumu mgonjwa peke yake ilikuwa makosa. Kama mama yako na dada yake wote wana kipara cha utosi, wewe usingoje.

Wasee wa kinyozi pia msicheke. Vile vivimbe vya kisogo vinavyokuja baada ya kunyolewa karibu sana na ngozi vinaweza kuacha kovu na kipara cha nyuma. Mwambie kinyozi aache kuchimba chini, na asafishe mashine.

Na watoto: mtoto wa shule mwenye ana viraka vya duara vyenye magamba, hiyo mara nyingi ni mashilingi, yaani choa cha kichwa. Ni kuvu, inaambukiza kwa kitana, kofia na mashine ya kunyoa. Kosa la kila siku ni kupaka krimu tu. Krimu haifiki ndani ya mzizi. Inatakiwa dawa ya kumeza kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, na inapimwa kwa uzito wa mtoto. Zahanati wanaijua.

Minoksidili: ilikuwa dawa ya presha

Sasa tuje kwa uwaraza wa wanaume na nywele kuwa chache juu kwa wanawake, ile ya kurithi. Kwa wanaume, homoni inayoitwa DHT inafanya mizizi yenye imerithi udhaifu kuwa midogo pole pole, mpaka unywele unatoka kama manyoya ya kifaranga.

Minoksidili haikutengenezwa kwa nywele. Ilikuwa kidonge cha presha kali, ikaruhusiwa Marekani 1979, halafu wagonjwa wakaanza kuota nywele usoni na mikononi. Mtu akachanuka. 1988 ikaruhusiwa kama maji ya kupaka kichwani, kwa jina Rogaine. Hadi leo ndio dawa ya kupaka yenye ushahidi mwingi kuliko zote.

Lakini soma masharti yake vizuri. Moja, matokeo yanachukua miezi minne au zaidi. Mbili, wiki za kwanza nywele zinaweza kuanguka zaidi, juu zile dhaifu zinasukumwa zitoke. Wengi wanaachia hapo. Tatu, ukiacha, kila kitu ulichopata kinapotea ndani ya miezi michache. Nne, haifanyi kazi kwa kila mtu: ngozi yako lazima iwe na kimeng'enya cha kuibadilisha iwe na nguvu, na kuna watu wanacho kidogo tu.

Wale wa kukuza ndevu nao? Utafiti wa Thailand wa 2016 ulijaribu minoksidili ya 3% kwa ndevu za wanaume 48 kwa wiki 16, na ikashinda maji matupu. Kwa hivyo si uongo, lakini ni watu 48.

Tahadhari mbili hazisemwi na wauzaji. Minoksidili ni sumu kali kwa paka. Hata kulamba kidogo kwa mto wa kulalia kunaweza kumuua. Na Ulaya, watoto wachanga waliota nywele mwilini baada ya kugusana na kichwa cha mzazi mwenye amepaka. Osha mikono, funika kichwa. Mama mwenye ana mimba ama ananyonyesha asitumie.

Mjadala mkubwa wa wagonjwa sasa ni kidonge. Madaktari wengi wameanza kutoa minoksidili kidogo ya kumeza, juu ni bei rahisi na haichafui mto. Uchunguzi wa 2021 wa wagonjwa 1,404 uliona 15.1% walipata nywele penye hawazitaki, na wachache sana walilazimika kuacha kwa sababu ya madhara ya mwili. Mashabiki wakasema mchezo umeisha. Halafu 2024 timu ya Brazil ikachapisha kwa JAMA Dermatology jaribio la wanaume 90: kidonge cha miligramu 5 dhidi ya maji ya 5%, wiki 24. Kidonge hakikushinda, na karibu nusu ya waliokimeza waliota nywele zaidi mwilini. Kwa hivyo kidonge si uchawi. Faida yake ni urahisi. Na kumbuka hii ni dawa ya presha: inaweza kukufanya moyo udunde na miguu ivimbe. Usiinunue kwa msee wa mtandao bila kupimwa presha.

Finasteridi: hapa ndio wagonjwa wanagawanyika

Story yake inaanza Dominican Republic. 1974 Dkt. Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika kuhusu familia zenye wanaume wake walizaliwa bila kimeng'enya cha kutengeneza DHT. Wakikua, hawakuwa na kipara na tezi dume yao ilibaki ndogo. Kampuni ya Merck ikatengeneza dawa ya kuiga hiyo hali. 1992 ikaruhusiwa kwa tezi dume, na 1997 miligramu 1 ikaruhusiwa kwa kipara cha wanaume.

Kwa kuzuia nywele kuendelea kupotea, inafanya kazi kwa wanaume wengi. Vita iko kwa madhara. Kwa majaribio ya mwanzo, 3.8% ya wenye walimeza walipata shida za tendo la ndoa, ikilinganishwa na 2.1% ya wenye walipewa kidonge kitupu. Madaktari wengi wanasimamia namba hizo: ni wachache, na mara nyingi ukiacha inaisha.

Kuna wagonjwa wanasema hapana, kwao haikuisha. Wanasema waliacha dawa na miezi, hata miaka, baadaye bado hamu haijarudi na akili ina ukungu. 2012 waliunda taasisi yao Marekani kusukuma utafiti. Upande mwingine unajibu kwa jaribio la Italia la 2007: wanaume 120 wa tezi dume walipewa dawa hiyo hiyo, nusu wakaambiwa kuhusu madhara ya kitandani, nusu hawakuambiwa. Walioambiwa, 43.6% wakaripoti madhara. Wasioambiwa, 15.3%. Yaani woga wenyewe unaweza kukuangusha. Lakini angalia vizuri: hiyo 15.3% haikuwa imeambiwa kitu. Woga hauwezi kueleza kila kitu.

Na Mei 2025 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni dhara la vidonge vya finasteridi, ingawa haijulikani hutokea mara ngapi. Ripoti zilikuwa zaidi ya 300, kwa dawa yenye imetumiwa na mamilioni, na kamati ikasema faida bado inazidi hatari. Wagonjwa wakapata kile walikuwa wanalilia miaka: kuaminiwa. Madaktari nao hawakupoteza dawa yao.

Kwako wewe maana yake ni nini? Kama umewahi kuwa na msongo mkubwa wa mawazo, mwambie daktari kabla ya kuanza. Ukianza na ukaona giza linaingia kichwani, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo, na mwambie mtu wa nyumbani. Nywele hazina thamani ya maisha yako. Mwanamke mwenye mimba asishike hata kidonge kilichovunjika, juu kinaweza kudhuru mtoto wa kiume tumboni.

Viraka vya ghafla: si jini, si laana

Unakumbuka Machi 2022, Will Smith akimzaba Chris Rock kofi pale Oscars? Kisa kilikuwa utani kuhusu kichwa cha Jada Pinkett Smith. Dunia nzima ikajua neno alopesia usiku mmoja.

Aina yenye inatoa viraka laini vya duara ghafla, bila magamba wala kovu, inaitwa alopesia areata. Askari wa mwili wako wanashambulia mizizi yako mwenyewe. Kwetu, mtu akiamka na kiraka, kuna mwenye atasema jini amemlamba ama ametupiwa kitu. Hakuna mtu alimtupia chochote. Na mzizi haujafa, umezingirwa tu, ndio maana viraka vidogo mara nyingi hurudi vyenyewe. Hii pia ndio siri ya kitunguu maji: uchunguzi wa Iraki wa 2002 ulikisifu, lakini ulikuwa wa wagonjwa 38 wenye aina hii hii, yenye hupenda kurudi yenyewe. Rozimari ya TikTok nayo inasimama juu ya jaribio la Iran la 2015 la wanaume 100, lenye liliilinganisha na minoksidili dhaifu ya 2% bila kundi la kidonge ama mafuta matupu. Haidhuru kujaribu, lakini usiuze mbuzi kwa sababu yake.

Kwa wenye wamepoteza karibu nywele zote, mambo yalibadilika Juni 2022, wakati FDA iliruhusu barisitinibu. Kwa majaribio mawili yenye watu karibu 1,200, kati ya 36% na 39% ya wenye walimeza miligramu 4 walifunika asilimia 80 ya kichwa ama zaidi kwa wiki 36. Wa kidonge kitupu walikuwa 3% hadi 6%. 2023 ikafuata ritlesitinibu, kwa miaka 12 kwenda juu.

Mbona bado wanabishana? Kwanza, ukiacha, wengi nywele zinaanguka tena. Pili, dawa inapunguza kinga ya mwili, na kwa sehemu yenye kifua kikuu bado kipo, lazima upimwe kwanza. Tatu, bei: haiko kwa mfuko wa mvuvi wa Kipini. Kuna wagonjwa wanasema heri kichwa kitupu na amani. Wengine wanasema usiwaambie wakubali kitu chenye kinatibika. Wote wana hoja. Kwa viraka vidogo, sindano za steroidi kwa ngozi ya kichwa ni za zamani, ni nafuu zaidi, na bado zinafanya kazi.

Inayokuja? 2025 kampuni ya Pelage, yenye wanasayansi wake wanatoka UCLA, ilitangaza dawa ya kupaka iitwayo PP405 yenye inaamsha seli zilizolala. Kwa wanaume wenye kipara kikubwa, 31% waliongeza msongamano wa nywele zaidi ya 20% kwa wiki 8, na wa dawa tupu 0%. Inasisimua, lakini hayo ni maneno ya kampuni, kwa jaribio dogo. Mtu akikuuzia PP405 leo Garsen, amekuuzia maji.

Sasa uko Ozi, ufanye nini?

Hatua ya kwanza ni bure: jiulize maswali manne. Zinakatika ama zinang'oka? Kuna homa, uzazi ama njaa miezi mitatu iliyopita? Kuna maumivu, kuwasha, usaha ama ngozi yenye inang'aa? Na nyumbani nani mwingine ana hii?

Hatua ya pili, piga picha ya kichwa kwa mwanga wa mchana, sehemu ile ile, kila mwezi. Kioo kinadanganya, kumbukumbu inadanganya zaidi.

Hatua ya tatu, kama kuna maumivu, usaha au ngozi imeng'aa, usikae. Anza na zahanati, halafu Garsen, halafu Malindi. Usiulize tu "daktari wa ngozi yuko?" Uliza kama kuna afisa wa kliniki mwenye alisomea ngozi. Kituo cha Moshi, Tanzania, pale KCMC, kimekuwa kikifundisha maafisa kama hao kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na kazi yao ni hii: kufika penye daktari bingwa hafiki.

Hatua ya nne, dawa nunua kwa duka lenye leseni, pakiti haijafunguliwa, na jina la dawa limeandikwa. Chupa yenye inasema "mitishamba ya siri" bila kusema ndani kuna nini, iache hapo.

Na kama ni uwaraza wa kurithi na hutaki kumeza kitu, nyoa. Kipara safi hakijawahi kumnyima mtu kazi wala mchumba. Lakini kwa yule dada mwenye laini ya mbele imeanza kurudi nyuma na bado ni wiki ya harusi, anaambiwa akazwe kidogo tu apendeze: legeza. Harusi ni siku moja. Hiyo laini ikishafungwa, imefungwa.